Baba Alivyoing'ata Bendera

Vita ilipokuwa bado inaendelea, baba yangu alikuwa fundi cherehani huko Magarama, Gitega. Siku moja askari akamletea bendera iliyochanika ya komini, yaani ofisi ya serikali ya eneo letu, akabaki amesimama na bunduki yake kuilinda.

Baba akashona taratibu, halafu, kwa mazoea yake ya siku zote, akainama akakata uzi kwa meno.

"Mzee! We unatafuna bendera? Iko sheria!"

Baba akaomba radhi, akachukua mkasi. Kazi ilipoisha, mvua ikashuka. Askari akajifunika bendera kichwani, akatoka mbio.

Baba alingoja kwanza askari avuke barabara.

"Kumbe sheria ni ya meno tu," akasema. "Ya mvua bado hawajaiandika."