Simu Zilizotembea Bila Kuondoka Mezani

Wanafunzi walimwita Mama Masafa, naye hakuchukia. Kazi yake chuoni ilikuwa kuzifanya simu zinong'onezane zenyewe, mfuko kwa mfuko, pasipo mtandao wa kampuni yoyote. Kule juu mtoni palifungwa vifaa vidogo vya kupima kina cha maji. Mpita njia akisogea karibu, simu yake ingechota kipimo na kuipokeza simu ya atakayekutana naye, hadi habari ifike mjini kabla ya mafuriko.

Kusema ni rahisi. Kulijaribu jambo lenyewe ndiko kulikomtoa jasho. Aliwatawanya wanafunzi uwanjani na simu mifukoni, watembee kama watu waendao sokoni. Leo ujumbe ulifika. Kesho, njia ileile, haukufika. Huyu betri imekufa, yule kapotelea kantini na simu yake.

"Basi simu zitatembea zenyewe," alisema kwenye kikao.

Profesa, mkuu wa maabara, mpole mwenye ulimi wa pilipili, akamtazama juu ya miwani. "Utazifunga miguu?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, kisha akaenda kuanza.

Alizipanga simu kwenye meza ndefu, akaziunganisha kwa nyaya na kompyuta moja, akaandika programu ya kuzidanganya. Simu ikitaka kusema na mwenzake, kompyuta iliingilia kati: ninyi mmetengana, hamsikiani, ninyi mmekutana njiani, haya, semezaneni. Safari ya kutwa nzima ikawa inarudiwa vilevile, na hakuna aliyeinuka kitini.

Lakini alipoilinganisha na safari za kweli, uongo ulikuwa mtamu kupita ukweli. Mezani karibu kila ujumbe ulifika. Uwanjani nusu yake ilipotea.

"Mama, hizi simu zako zinaishi peponi," Profesa alimwambia.

Neno lile lilimchoma. Akaandika upya, akafuta, akaandika tena. Wapi!

Nyumbani aliishi na mumewe na wifi yake, msusi aliyefanyia kazi sebuleni. Wenzake walimtania kwamba ana wifi nyumbani na waifai kazini, na vyote viwili havinyamazi. Jumapili moja wifi alikuwa akimsuka mteja huku akisikiliza nyimbo kwa spika za masikioni zisizo na waya, simu ikiwa dirishani.

"Wifi, hebu niangalizie hii simu. Nikihamia upande huu wa kichwa tu, wimbo unakatika."

Mama Masafa alisimama mlangoni na sufuria mkononi. "Rudi ulipokuwa."

"Umerudi."

"Sasa ipe simu mgongo."

"Umekatika. Jamani wifi, mteja wangu ataondoka na nywele upande mmoja."

Mama Masafa aliiweka sufuria chini. Alilijua jambo hilo miaka mingi: mwili wa mtu umejaa maji, na maji huyameza mawimbi ya redio. Alilijua, wala hakuliweka kwenye programu. Simu zake zilikuwa zikitembea bila watu.

Akazipa watu ndani ya programu. Hii akaitia mfuko wa nyuma, ile mkobani, nyingine mkononi, na kila mwenye simu akawa na mgongo wa kuzuia mawimbi.

"Tabiri kwanza," Profesa akamwambia, "ndipo tutembee."

Meza ilitabiri kwamba ujumbe utafia darajani. Wakatembea kutoka mtoni kuelekea sokoni, Profesa mwenyewe akiwa mbele, na ujumbe ukafia darajani. Mama Masafa alijaribu mezani kukihamisha upande wa pili kile kifaa cha kupima maji kilichofungwa darajani. Meza ikasema sasa utapita. Wakakihamisha, wakatembea tena.

Sokoni simu ya Profesa ikatetemeka. Akavua miwani, akasoma kina cha mto kwa sauti, taratibu, kama asomaye jina la mtoto wake kwenye matokeo. Wanafunzi wakamnyanyua Mama Masafa juujuu katikati ya wauza mboga, viatu vikamvuka.

"Usione vyaelea, vimeundwa," Profesa alisema, akainama kumwokotea kimoja.

Kabla ya mvua kuanza, vyuo vitatu vilikuwa vimeomba kuitumia meza ile.