Jumapili za Baba Kwenye Grafu

Mtihani ule niliutunga mimi, nikaufanya mimi, nikausahihisha mimi, kisha nikajipongeza kwa chipsi mayai. Kazi yangu, ninayoifanyia chumbani kwangu Moshono, ni kuandika sehemu za programu ya kisayansi zinazogeuza namba kuwa grafu, na kuzijaribu kabla watafiti hawajazitumia. Jaribio lenyewe ni rahisi: kompyuta huchora, kisha hulinganisha mchoro wake na picha niliyokwisha kuikubali kuwa sahihi. Vikifanana, inawaka kijani. Siku hiyo majaribio yote yaliwaka kijani, nami nikavimba kichwa.

Kwa kichwa hicho nikampigia simu baba, mkulima wa kule juu ya Kikatiti. Kwa miaka mingi amepima mvua asubuhi kwa kipimo alichokifunga kwenye nguzo kati ya zizi na mahindi, akaandika daftarini. Wenzake wa mfereji humtania kwamba anamvizia Mungu asije akapunja. Mwaka huo alikuwa na hoja: masika siku hizi yanakatika mapema, kwa hiyo zamu za maji ya mfereji zianze wiki mbili kabla ya kawaida. Mkutano ulikuwa Jumamosi. Wasipomwamini, mahindi ya mashamba ya chini yangekauka, la kwetu likiwamo. Nikamwambia asihofu, anitumie picha za kurasa za daftari, grafu nitachora mimi.

Nilifika Ijumaa asubuhi na karatasi niliyochapisha steshenari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akivaa miwani, akaitazama hadi chai yake ikaota utando.

"Hizi Jumapili zimefanya nini?"

Nikachungulia. Kila baada ya siku sita mstari ulianguka hadi chini kabisa, Jumatatu ukaruka juu.

"Baba, Jumapili hukuandika kitu."

"Sipimi siku ya Bwana. Maji ya Jumapili nayakuta Jumatatu. Mimi niliacha wazi. Sifuri umeandika wewe."

Nilikasirika, nakiri. Nikaanza kueleza kwamba kompyuta haijui mambo ya kanisa, kwamba mahali patupu ni lazima pajazwe kitu. Mama, aliyekuwa akichambua maharage, akauliza, "Lazima ya nani?"

Ilikuwa lazima yangu. Nilichagua sifuri kwa sababu ilinirahisishia kazi, na zile namba za majaribio nilizozibuni mwenyewe hazikuwa na siku hata moja iliyoachwa wazi.

Kubwa zaidi lilikuwa mwezi wa tano wa mwaka uliotangulia: siku tisa mfululizo za sifuri, ukame mtupu. Ni siku ambazo baba alikuwa hospitali akimuuguza mama. Aliporudi alikuta kipimo kimefurika, akakimwaga bila kuandika.

"Lakini baba," nikasema kwa sauti ya chini, "tukiziacha hivi, unashinda." Masika yangeonekana yamekatika mapema kuliko hata alivyodai.

Akavua miwani. "Mwamba ngoma huvutia kwake, mwanangu. Hilo ndilo wanalolisubiri waniseme. Futa."

Basi nikashinda mezani nikiivunja kazi yangu mwenyewe, baba amesimama nyuma yangu kama mwalimu wa zamu. Niliacha grafu ya mstari, nikachora ya nguzo. Nguzo ya Jumatatu ikawa pana, ikafunika siku mbili. Zile siku tisa zikabaki pengo jeupe. Majaribio yangu ya zamani yakawaka mekundu yote, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kuona nyekundu. Asubuhi nikashuka Kikatiti kuchapisha upya.

Mkutanoni, mwenyekiti wa mfereji, bingwa wa utani, akaweka kidole moja kwa moja penye pengo. "Na hapa, mzee, mvua ilikwenda wapi?"

"Hapo sijui," baba akasema.

Watu wakaangua kicheko. Masikio yaliniwaka moto, nikataka kusimama nimtetee. Mama akaniwahi, kutoka benchi la akina mama.

"Hapo alikuwa hospitali ananilisha uji. Hakuiona mvua, ndiyo maana hakuiandika."

Kicheko kikazima. Mwenyekiti akaivuta karatasi karibu, akazipitia zile nguzo pana moja moja, halafu akarudi kwenye pengo.

"Mwongo angeziba," akasema, kisha akauliza nani anapinga zamu kuanza mapema. Hakuna mkono ulioinuka. Baba aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfuko wa koti, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akipiga mluzi.

Mashamba ya chini yalivunwa. Na katika programu ile sasa kuna jaribio moja lenye wiki ya baba, Jumapili yake ikiwa tupu. Juzi mwenzangu mmoja wa nchi ya mbali aliniandikia kwamba siku hiyo inamsumbua, angependa kuijaza.

Nimemjibu aiache, mwenyewe yuko kanisani.