Makofi Yaliyokatazwa Ukumbini Bukoba

Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo ninayosema juu ya muziki yapimwe hivyo. Lakini juu ya yule bwana sidhani kama nakosea sana.

Ni mtu wa kwetu Nshamba, aliyesomea muziki Ulaya akarudi na skafu. Skafu, Bukoba, mchana wa jua. Alileta wageni watatu, wa fidla, wa selo, ile fidla kubwa ya kukalia, na wa filimbi ya mti, wapige muziki wa Kizungu wa zamani uitwao Baroko katika ukumbi wa parokia, yeye mwenyewe akiwa kwenye kinanda. Kwaya yetu, nami nikiwa mwimbaji wake, aliiomba iimbe wimbo mmoja mwishoni, na ubeti wa pili alipewa mke wangu auimbe peke yake.

Mama mkwe alisafiri kutoka Rubafu kwa ajili ya ubeti huo. Tangu binti yake aolewe kwetu, alikuwa hajamsikia akiimba isipokuwa kwenye simu. Akaketi mstari wa mbele, na kitenge kipya.

Kabla ya kila kipande bwana alihutubia. Mtunzi huyu, alisema kwa fahari, hata Ulaya wengi hawajamsikia. Nikajiuliza kimoyomoyo: kama kwao wamemsahau, sisi wa migombani tumekosa nini? Lakini nitende haki, muziki wenyewe ulikuwa mzuri. Yule wa selo alivuta sauti moja ndefu nikasahau kwamba kiti kinaniumiza. Kilichoharibu ni maneno.

Muziki ulipotulia mara ya kwanza tukapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Yule wa filimbi akatabasamu. Bwana akageuka, kiganja juu kama trafiki.

“Bado! Kipande hiki kina sehemu nne. Ulaya watu hungoja.”

Tukakosea tena. Safari hii alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa. Basi tukaweka mikono mapajani, watu wazima wenye wajukuu, tukaogopa viganja vyetu wenyewe.

Baadaye akatazama saa, akamwambia mwalimu wetu wa kwaya, “Muda hautoshi. Imbeni ubeti wa mwisho tu.”

Muda ulikuwa umeliwa na hotuba zake. Au labda wageni walikuwa na safari, sijui. Mke wangu alisikia, akatazama viatu vyake. Mama yake naye alisikia.

Kipande cha mwisho cha wageni kikaisha kweli. Wakasimama, wakainama. Kimya. Bwana akatandaza mikono: “Sasa! Makofi, jamani!”

“Bado, waitu,” mama mkwe akamjibu kwa heshima yote, bila kunyanyuka. “Binti yangu hajaimba sehemu yake. Tunangoja.”

“Kama Ulaya!” mtu akadakia nyuma.

Ukumbi ukacheka. Nami nilicheka, ingawa haikuwa adabu.

Bwana akarudi kwenye kinanda, shingo imemvimba. Kwaya tukaimba ubeti wa kwanza. Ulipofika wa pili akaupiga mbio, auondoe njiani. Mke wangu hakumfuata. Mstari wa kwanza sauti ilimtetemeka, nisifiche. Wa pili ikasimama. Kila mwisho wa mstari aliishikilia noti mpaka aridhike, na yule msomi, vidole hewani, akangoja.

Ubeti wa tatu niliingia kwa kuchelewa. Nilikuwa namwangalia mama mkwe, ameinama mbele, mdomo wazi kidogo.