Picha Iliyooshwa kwa Sabuni

Miaka ya themanini, hapa Kisumu, picha ilikuwa inaoshwa kwa dawa, kwenye chumba cha giza. Ukipigwa leo, unaambiwa urudi Ijumaa, bado inaoshwa.

Nilikuwa kwenye kaunta ya studio nikingoja zangu, mama mmoja kutoka Katito akaingia, akafungua fundo la leso na kutoa picha iliyokunjamana. Shati ilionekana, na shingo. Uso haukuwepo.

"Mama, hii ilifanywa nini?" mpiga picha akauliza.

"Niliosha. Ilikuwa imeshika moshi ya jikoni."

"Uliosha na nini?"

"Na sabuni. Si hata nyinyi mnaoshanga?"

Hakuna aliyecheka.

"Ni ya bwana yangu," akasema. "Tulimzika Disemba. Iko hiyo tu, alipigwa hapa hapa kwenu."

Mpiga picha akaingia chumba cha nyuma, akakawia mpaka tukaanza kutazamana. Alirudi na negativu, ile filamu inayogeuza cheupe kuwa cheusi, akaiinua dirishani. Mama akasogea. Akakitazama kile kichwa kilichoinama upande kidogo, akaweka kiganja mdomoni.

"Ni yeye." Kisha akakunja uso. "Lakini shati yake ilikuwa nyeupe. Hii iko nyeusi."

"Ndiyo maana tunaoshanga, Mama. Rudi Ijumaa."

Juzi simu yangu ilizima, na fundi akaniambia picha zote zimepotea. Nikajikuta natazama nyuma yake, natafuta mlango wa kile chumba. Kulikuwa na ukuta tu.