Wamama wa Jumatano

Mama aliwaonyesha wamama wa kanisa uvimbe wa titi lake kabla ya kunionyesha mimi. Hilo linaniuma hadi leo. Mficha uchi hazai, lakini mama yangu hakuficha, aliwaonyesha wasiojua. Walikuja kwetu Kinoo kila Jumatano, kusali na kunywa chai, wakaamua ni maziwa yaliyoganda tangu anyonyeshe. Kitinda mimba ndiye mimi, na nilikuwa nishaota ndevu. Ati maziwa. Wakamkanda kwa mafuta ya moto, wakamletea uji wa wimbi, wakapeana zamu za kumfulia na kumpalilia sukuma wiki. Hakukosa kitu. Hospitali tu ndiko hakwenda.

Nilipojua, nilimpeleka kwa daktari mmoja mtaa wa Hurlingham, akampima na kusema ni saratani. Mama akamuuliza mbona kitu chenyewe ni kigumu hivi. Daktari akasema ugumu ule si wa saratani peke yake. Kuizunguka kuna seli zisizo na ugonjwa, zile ambazo kazi yao ni kuziba vidonda. Zinaona pameumia, zinakuja kusaidia. Zinajenga, zinaita mishipa ya damu, na saratani inakula humo humo na kunenepa.

"Si eti ziko na ubaya, mama," alisema. "Zinadhani zinaponya."

Mama akafunga vifungo vya blauzi taratibu. "Basi ni kama wale wangu wa Jumatano," akasema.

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa, na nikadhani mambo ya wale wamama yameisha. Upasuaji ulipangwa wiki iliyofuata, na daktari akatusihi tusichelewe.

Lakini wamama wale hawakuwa wakimwombea mtu anayekwenda kisuni kupasuliwa mpaka wote watimie, na mmoja alikuwa amekwenda matanga kwao Kakamega. Mama akakataa kulala hospitalini bila maombi yao. Nikamwambia nitawafungia geti.

"Ukiwafukuza, ni nani atanishika mkono?" akaniuliza. Nikaliacha geti wazi.

Tukangoja, wiki zikawa miezi. Mwenzao aliporudi wakamwombea vizuri sana, wakilia. Tuliporudi Hurlingham, saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu, na daktari akasema kisu hakina kazi tena.

Siku ya mazishi walifika kabla ya kila mtu, wakawasha moto, wakabandika sufuria. Yule wa Kakamega akaniletea kikombe na kunishika bega. Nilitaka sana kumchukia. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, vile mama alivyopenda, na nikainywa yote.