Kipande cha Jembe Kichwani pa Mtoto

Wengi wakisimulia mambo haya huanza na usiku, kiza na bundi. Mimi sina usiku wa kukupa. Yangu yalinikuta mchana, jua liko utosini, nimekula nimeshiba, sina homa wala usingizi. Uniamini au usiniamini, hilo ni lako. Lakini usiniambie nilikuwa naota.

Ulikuwa wakati wa Mdachi. Nilikuwa kijana niliyerudi Mafia kutoka shule ya serikali huko bara, nimejua kusoma, kuandika, hesabu, na kujisifu. Kwetu ni Ndagoni. Baba alikuwa na minazi na watumwa. Babu yake alitoka Omani, na sisi hatukumwacha mtu asahau jambo hilo. Nalisema wazi kwa sababu nimezeeka, na mzee akijificha anamficha nani?

Kutoka bara nilirudi na kisu. Mhunzi mmoja alinifulia kwa singe ya askari iliyovunjika, akanipa kwa urafiki. Urefu wake ulikuwa kama kutoka kiwikoni hadi mwanzo wa kiganja, mgongo mnene, makali upande mmoja. Chuma chake hakikuishia shingoni kama visu vya jikoni. Kilipenya ndani ya mpini mpaka mwisho, kikashikwa kwa misumari ya shaba. Nilikivaa kiunoni hata nikienda msikitini, mpaka imamu akanikataza.

Siku hizo dada yangu Zuhura alikuwa amekuja kujifungulia nyumbani, amepata mtoto wa kiume, na arobaini yake haijatimia. Kwetu hakuna asiyejua kwamba mtoto wa arobaini halazwi bila chuma kichwani. Kisu, mkasi, hata msumari, ili wasiomtakia heri wasimsogelee. Mama akatazama visu vya nyumba, akachagua changu. Nikakitoa kwa mikono miwili, na kifua mbele.

Basi rafiki yangu Masudi, mvuvi wa kutega samaki kwa madema, mtu asiyeweza kukaa na neno tumboni, akaniambia barazani mbele ya watu, "Haya, msomi. Visu vya wenzio vinakata. Chako kimekuwa mkunga."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini niliumia. Ndivyo nilivyokuwa. Tukapatana twende shambani tukakijaribu, naye awe hakimu.

Nikangoja adhuhuri. Mama alikuwa jikoni uani, dada amesinzia ameelekea ukutani. Nikachomoa kisu chini ya mto wa mtoto. Ala yake tupu nikaizungushia kitambaa cha kaniki na kuirudisha palepale, ili anayepapasa aone pamejaa. Unaelewa nilichofanya? Nilimwachia mpwa wangu ngozi na kitambaa, nikaenda kuonyesha makali.

Tulikwenda mpaka mabanda ya zamani, mahali walipokaa watumwa wetu kabla baba hajawahamishia karibu na ghala. Palikuwa pamebaki magugu, migomba iliyojiotea, na vizingiti vya nyumba zilizoanguka. Nikaanza. Nikanyoa vinyweleo vya mkono wangu, vikaanguka kama vumbi. Nikapiga mgomba pigo moja, ukakaa kidogo kana kwamba unafikiri, kisha ukalala. Nikaweka makali juu ya gogo kavu la mkandaa, nikagonga mgongo wa kisu kwa rungu mpaka gogo likapasuka pande mbili. Mwisho nikakikita kwenye shina la mnazi, nikapanda juu ya mpini kwa miguu yote miwili. Haukulia hata kidogo.

Masudi akakuna kidevu. Alisema amekubali, kinakata, ila ncha bado, kwani ncha ya kisu kikubwa huvunjika kama jino la bibi. Kisha akatazama upande wa pwani, akasema maji yameshatoka na madema yake hayamngoji, akaenda zake.

Nikabaki peke yangu na neno lake la ncha. Mbele ya kizingiti kimoja palikuwa na jiwe la tumbawe, dogo, limesimama wima ardhini. Nikasema hili hili. Nikachomeka ncha ubavuni mwake, nikasukuma mpini kwa uzito wangu wote. Jiwe likang'oka. Ncha ilikuwa nzima. Lakini chini ya jiwe udongo ulikuwa mwekundu kwa kutu, na shimo lina umbo lake, pembe tatu, upana wa kiganja. Chuma kilikuwa kimekaa pale miaka na sasa hakipo. Tena udongo ulikuwa mbichi, kama kimeondolewa muda ule ule.

"Shikamoo, bwana mdogo."

Nikaitika marahaba kabla sijageuka. Siku zile mtumwa mtu mzima alimwamkia mtoto wa bwana wake, na mtoto aliitika. Ulimi wangu ulishazoea.

Nilipogeuka nikamwona mwanamke amekaa juu ya kizingiti, magoti ameyakunja, kaniki ameitanda mpaka kichwani. Sikusikia nyasi zikikanyagwa. Mikono yake ilikuwa kama inayopakata, lakini haikupakata kitu. Uso wake ulikuwa uso wa Faida.

Sasa lazima nikwambie Faida ni nani. Alikuwa mtumwa wetu. Jina hilo alipewa na aliyemnunua. Ndiye aliyekuwa akinimenyea machungwa na kunitoa miba miguuni. Nilipokuwa bado mtoto, alijifungua katika banda lile. Wakati huo mtumwa mmoja alikuwa ametoroka na kisu, na baba akaweka amri kwamba kila jioni visu na majembe yote yakusanywe, yafungiwe sandukuni mpaka asubuhi. Faida akaja mlangoni kwetu, akaomba aachiwe kisu kimoja tu, hata kibutu, akiweke kichwani pa mtoto. Baba hakuinuka. Alinituma mimi nikamjibu. Nikaenda nikasema, "Baba amesema hakuna." Hakulia. Aliokota kipande cha jembe lililovunjika, kilichotupwa jalalani, akakifuta kwa upindo wa nguo yake na kuondoka nacho.

Mtoto hakufika arobaini, na mama yake hakukawia kumfuata. Sikuambii ni kwa sababu ya kisu. Labda ilikuwa homa. Lakini yeye alijua alichoomba, na sisi tulijua tulichokataa.

Basi ndiye huyo aliyekaa mbele yangu, na jua lile. Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa. Alikuwa akitazama jiwe nililoling'oa. Hakuonyesha hasira. Laiti angeonyesha.

"Niazime kisu, bwana mdogo," akasema. "Mwanangu hana chuma kichwani."

Ndipo nikafahamu jiwe lile lilikuwa la nini, na nani amelala chini yake. Na mimi, badala ya kuomba radhi, nikajibu kama nilivyojibu siku ile mlangoni. Nilisema, "Si changu. Ni cha mtoto wa dada."

"Najua," akasema. "Nimetoka huko sasa hivi. Alikuwa analia. Amelala."

Wewe ungefanya nini? Mimi miguu ilirudi, nikakimbia. Nilikimbia katikati ya minazi kisu kikiwa wazi mkononi, na kitu kimoja tu kichwani mwangu, kwamba mtoto yule amekufa, na nimemuua mimi kwa maneno ya barazani.

Nikamkuta Zuhura amekaa kitandani, mtoto yuko mapajani mwake, ananyonya. Dada alikuwa amelowa jasho. Akaniuliza nilikuwa wapi. Akasema muda si mrefu uliopita mtoto alilia kilio ambacho hajawahi kukisikia, mwili ukakakamaa kama ubao, macho yakapanda juu. Aliita, mama hakusikia. Kisha akaingia yule mama.

"Mama gani?" nikauliza.

"Yule uliyemtuma," akasema. "Si wa shambani? Kajitanda, uso sikuuona, lakini sauti nilikuwa kama naijua. Kakaa hapa kichwani, kaingiza mkono chini ya mto, na mtoto akalegea. Akaniambia bwana mdogo ametoka na kisu, atarudi. Ulikipeleka wapi, kaka?"

Niliinua mto, nikafungua kile kitambaa cha kaniki. Ala yangu ilikuwamo. Na juu ya ala palikuwa na kipande cha jembe kilicholiwa na kutu, pembe tatu, upana wa kiganja, na udongo mwekundu bado haujakauka.

Nilikaa chini sakafuni. Mwanamke yule alikuwa ameondoa chuma pekee alichokuwa nacho, kichwani pa mwanawe, akamletea mtoto wa nyumba iliyomnyima. Kisha akaja kuniomba, kwa adabu, na shikamoo juu, kwa sababu wake amebaki hana. Na mimi nilimkatalia mara ya pili.

Nilikirudisha kipande kile chini ya mto, nikamwambia dada asikitoe hata akiombwa na nani. Nikachukua kisu na ala yake, nikarudi mabandani. Sitakudanganya kwamba sikuogopa.

Kizingitini hapakuwa na mtu. Nikapiga magoti, nikalipanua shimo kwa mikono, sikutaka kulichimba kwa kisu. Nikakilaza kisu ndani, kizima, na mpini wake wa misumari ya shaba. Nikafukia. Nikalirudisha jiwe wima na kulishindilia kwa viganja. Kisha nikasema neno ambalo mtoto wa bwana hakuwahi kumwambia mtumwa pale kwetu. Nilisema, "Shikamoo, mama."

Nilikuwa ninainuka niondoke, niliposikia karibu kabisa na sikio langu, sauti iliyochoka, ya mtu anayeshikwa na usingizi baada ya kukesha.

"Marahaba, mwanangu."

Hapo ndipo wengine wangemaliza. Wangesema nilisafika, tukaishi raha mustarehe. Lakini nimeahidi kusema kweli.

Jioni baba aliuliza kisu kiko wapi. Nikamwambia kimeniponyoka majini nilipokwenda na Masudi kwenye madema. Akanipigia kelele kidogo, yakaisha. Na jua lilipotua nilikaa barazani, nikamsikia nokoa, msimamizi wa shamba, akipita kama kila siku kukusanya visu vya watumwa. Vikawa vinaanguka sandukuni, kimoja baada ya kingine. Katika mstari ule alisimama mwanamke mjamzito. Naye alitoa chake. Baba alikuwa ameketi karibu yangu, namgusa kwa bega. Neno moja tu lingetosha kuanza. Nilikuwa na shule, nilikuwa na ulimi, nilikuwa na ushahidi chini ya mto wa mpwa wangu. Sikusema. Niliogopa kuchekwa, tena niliogopa kuulizwa kisu.

Mwanamke yule alijifungua. Mtoto wake sikuuliza kama alifika arobaini. Sikuuliza makusudi.

Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri kabla ya adhana, siyo mzuka. Faida simwogopi. Aliitika salamu yangu na akalala. Nilichokiogopa tangu siku ile ni mimi mwenyewe, niliyeweza kumpa maiti kisu, nikashindwa kuwaombea walio hai.

Mpwa wangu yupo, ana wajukuu. Kipande kile cha jembe kinazunguka katika ukoo wetu mpaka leo. Akizaliwa mtoto, chuma hicho hupelekwa nyumbani kwao, na mtoto akitimiza arobaini kinapelekwa kwa mwingine. Vijana hukiita chuma cha bibi, wanadhani ni cha bibi yetu mzaa baba. Sasa ninyi mnaosoma mnajua ni cha bibi gani.

Basi nakuonya, nawe waonye wanao. Usitoe chuma mahali kilipolazwa kabla hujajua nani analala kando yake. Usiling'oe jiwe dogo lililosimama wima hata ukiliona shambani kwako mwenyewe. Na akija mtu mlangoni pako kukuomba cha kumlinda mwanawe, inuka wewe, usitume mtoto kumjibu. Mpe angali anaweza kukipokea mkononi.