Nati Aliyoisahau Nyamai

Ukitaka kumjua Nyamai, mtazame akimaliza kazi. Mafundi wengine wa Kawangware wakikaza nati ya mwisho hupangusa mikono, wakaenda zao kutafuta chai. Nyamai hutoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, alichomnyang'anya mkewe Kasyoka, akachora mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilichoshikwa nayo. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika na kila mtu anaona. "Hiyo ni sahihi yangu," huwaambia wateja. Miaka kumi na minane katika kazi ya stiaringi, na mstari haujawahi kukatika. Alipenda kulisema hilo, na alilisema mno.

Kwa hiyo Audrey, dada mmoja wa mtaa wa Nyayo Highrise mwenye gari la zamani la michezo, alipoagiza tairodi mpya kutoka ng'ambo, alimletea yeye. Tairodi ni zile fito mbili za chuma zinazopeleka amri ya stiaringi hadi kwenye magurudumu ya mbele. Za Audrey zilikuwa zimechakaa. Hizi mpya zilikuwa nene zaidi, za kuhimili mwendo wa mashindano, zinang'aa hata ukaona huruma kuzifunga chini ambako hakuna wa kuzitazama. Nyamai alizifunga asubuhi moja, akamaliza saa sita, kisha akalipeleka gari karakana ya jirani, kwa Mukhwana, magurudumu yapimwe kama yanatazama mbele sawasawa.

Mpimaji pale alikuwa Ouma. Huyu hakuwa mgeni kwa Nyamai. Wanakaa ploti moja huko Kibera, upande wa Makina, mlango kwa mlango, na kwa miaka tisa wamekuwa wakitembea pamoja asubuhi kwenda kazini. Ni mtu mpole, wa maneno machache, ambaye akikaza nati huijaribu mara tatu kabla ya kuiacha. Alipima, akazigeuza fito kidogo, akakaza nati zote mbili.

"Iko sawa, Baba Nzilani," akamwambia Nyamai. "Enda nayo."

Na kweli ilikuwa sawa. Lakini Nyamai alipolirudisha gari kwake, aliona usukani umeinamia kushoto, upana wa kidole hivi. Jambo dogo. Mtu mwenye akili timamu angerudi kwa Ouma. Nyamai, mbele ya Audrey na watu kama kumi na watano waliokuja kulishangaa gari, aliona kurudi ni kujishusha. Akaingia mvunguni, akalegeza nati zote mbili, akageuza fito mpaka usukani ukakaa. Akakaza nati ya kulia. Alipokuwa anafikia ya kushoto, Audrey akamwita.

"Fundi, kuja kidogo! Nataka kukurecord ukieleza hizi rods."

Alitoka mbio. Sifa zilikuwa zimeshamlevya. Akaeleza dakika kumi, watu wakampigia makofi. Aliporudi chini, spana aliiacha juu ya boneti, akashuka na kile kichupa cha rangi. Akachora mstari kulia, akachora kushoto, akashusha jeki.

Siku ya nne Audrey alipiga simu akilia. Karibu na soko la Toi, stiaringi ilikuwa imelegea mikononi mwake, gurudumu moja likafuata njia yake, na gari likaingia mtaroni. Alikuwa amevunjika mkono. Nyamai alifika akihema, akalala chini ya gari, na cha kwanza kukiona ni sahihi yake. Mstari ulikuwa umekatika, nusu juu ya nati, nusu kwenye fito. Akakumbuka yote kwa mpigo, spana juu ya boneti, makofi, kila kitu.

Natamani hapa nikuambie kwamba alitoka akasema kweli. Hakusema. Alichukua kitambaa chenye petroli akaifuta ile rangi.

"Ni nini, fundi?" Audrey aliuliza akiwa amesimama kando, mkono ameufunga kwa leso. "Nani aligusa hiyo kitu mwisho?"

"Ni nati, madam. Haikukazwa." Nyamai akakikunja kile kitambaa. "Mtu wa mwisho ni yule wa kupima alaimenti. Ouma."

Jioni ile ile Mukhwana alimwambia Ouma akusanye vitu vyake. Ouma akawa amemwaga unga hivyo hivyo, bila hata kuulizwa maswali mawili.

Majuma matatu yaliyofuata Nyamai hakuwa mtu. Asubuhi alikuwa akitoka kabla majirani hawajaamka, azunguke njia ya mbali, eti anapunguza tumbo. Hana tumbo. Adero, mke wa Ouma, akimsalimu bombani, aliitika akitazama chini. Wateja waliouliza kuhusu mstari mwekundu aliwaambia rangi imeisha. Aliona haya hata kumtazama Kasyoka akipaka kucha. Mara mbili alijipiga moyo konde akafika mlangoni kwa jirani, mara mbili akarudi akijidai amesahau simu.

Jumapili ya tatu, baada ya kanisa, mlango wake yeye ndio uliobishwa. Alikuwa Ouma.

"Baba Nzilani, nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Ile kazi yako ya yule dada wa Highrise. Nimekuharibia jina." Ouma alikuwa akiitazama mikono yake. "Nimejaribu kukumbuka. Mimi kichwa yangu inaniambia nilikaza. Lakini wewe huwezi sema kitu hujaona, so lazima nilisahau. Siku hizi hata mlango nikifunga, narudi kuangalia, narudi tena. Adero anadhani naanza kuchizi. Kazi ya spana nimeacha. Nisije nikaua mtu."

Nyamai alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa ngumi. Kwa haya hakuwa amejiandaa. Aliona afadhali angepigwa.

"Ulikaza," akasema.

"Nini?"

"Ulikaza, Baba Brandon. Zote mbili. Ni mimi nililegeza baada yako, moja nikasahau. Nikaona alama yangu, nikaifuta. Halafu nikataja wewe."

Ouma alishika fremu ya mlango. Nyamai alingoja ngumi, lakini haikuja.

"Sema tena."

"Ulikaza."

"Ngoja." Ouma aligeuka akaita. "Mama Brandon! Kuja hapa, harakisha!"

Adero akatoka na mikono ya povu. Majirani wawili waliokuwa wakichota maji waliacha ndoo wakasogea. Nyuma ya Nyamai, Kasyoka alikuwa amesimama.

"Sasa sema tena," Ouma akamwambia. "Na usiongee na viatu."

Nyamai akainua uso akasema yote tangu mwanzo, kwa sauti, mkewe akisikia. Ouma alikuwa akilia, akiitikia kwa kichwa kila neno, na Nyamai alipomaliza akamwambia aseme tena.